Shukrani kwa Mungu, Lawama kwa Bibi

Somanda, Bariadi
21 Aprili 1996

Shangazi Sista,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na masista wenzako na wagonjwa wenu. Sisi huku tunalala na kuamka. Mvua ni nyingi mwaka huu, pamba imefunga vitumba, na mahindi ya nyuma ya nyumba tumeanza kuyachoma. Ofisi ya ushirika imefungwa kwa kufuli tangu mwaka jana. Baba anasema msimu huu watakaonunua pamba ni matajiri wenye malori, kila mmoja na mizani yake. Mama anakusalimu. Bibi Nyanjige anakusalimu pia, anasema usimtumie tena sweta, hapa si Songea, labda unataka aive. Mimi nilimaliza kidato cha nne Novemba na matokeo yametoka: daraja la nne. Sina la kusema juu ya hilo.

Najua telegramu ya Padri Marcelo ilikufikia. Lakini telegramu ilisema tu kwamba mdogo wangu Milembe amefariki kwa radi. Nimeona nikuandikie yaliyobaki, kwa sababu nikijaribu kuyasema kwa mdomo nanyamaza. Unanijua.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 30 Machi, kesho yake Matawi. Kwaya tulikuwa kigangoni kwenye mazoezi. Kanisa sasa lina bati jipya na madirisha ya chuma, kila nyumba ilitoa gunia la pamba msimu uliopita. Mvua ilianza kama kawaida. Tukawa tunapaza sauti ili tusikiane kwa kelele za bati, na mwalimu Kasmiri anatufokea, "Sauti ya kwanza, mnaimba au mnalia?" Tulikuwa thelathini na mmoja. Kisha ukaja mwanga mweupe, na mlio ambao sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwa meno. Nilipoinuka, wengi walikuwa chini. Wakaamka mmoja mmoja. Milembe hakuamka. Alikuwa mstari wa mbele, pembeni, karibu na dirisha. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nyuma yake. Angetimiza miaka kumi na minne mwezi wa sita.

Thelathini waliamka, Shangazi. Kijana mmoja ambaye huja mazoezini ili tu aangalie wasichana aliamka na kuomba maji. Milembe, aliyefagia kanisa kila Ijumaa bila kutumwa na mtu, ndiye hakuamka.

Sasa kila anayekuja msibani ananishika kichwa na kuniambia, "Justina, Mungu amekuokoa. Ana mpango na wewe." Wanasema hivyo huku mama amekaa pale pale anasikia. Baba, kwa kuwa ni katekista, ndiye anayesema zaidi. Ametangaza kwamba tukishauza pamba atatoa dume kwa misa ya shukrani, na mimi nitasimama mbele ya watu nitoe ushuhuda. Ushuhuda wa nini? Kama Mungu aliniona mimi, basi na Milembe alimwona. Alikuwa hatua moja mbele yangu. Mpango Wake na Milembe ulikuwa ndio huo?

Padri anasema ni chuma cha dirisha. Sawa, ni chuma. Lakini chuma hakikuchagua.

Baba sithubutu kumuuliza. Wewe uko karibu na Mungu, nakuuliza wewe. Usinijibu kwa upole. Nijibu kweli.

Mtoto wa kaka yako,
Justina


Songea
19 Mei 1996

Mpendwa mwanangu Justina,

Amani iwe nyumbani kwenu, kwa kaka yangu Kristofa, kwa mama yako, kwa mama yangu na kwako. Barua yako ilitumia wiki tatu njiani. Huku baridi imeanza, na wodi ya watoto imejaa surua hata tunalaza wawili kitanda kimoja.

Nimelia sana kwa ajili ya Milembe. Nilimwona mara moja tu, akiwa wa kubebwa, akanivuta kitambaa cha kichwani mpaka kikatoka. Wote walicheka isipokuwa baba yako.

Mwanangu, umeniomba jibu la kweli. Kweli ni kwamba Mungu hatupi sababu Zake, na sisi hatuna haki ya kumdai. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi. Nimewafumba macho watoto wengi, na sijawahi kuuliza kwa nini huyu na si yule. Ukianza kuuliza huwezi kuendelea na kazi. Sema asante hata kama moyo hautaki, moyo utafuata baadaye. Na ushuhuda ni maneno machache tu, mtii baba yako.

Hujaniambia Bibi anauchukuliaje msiba. Macho yake yakoje? Mwambie asipike ndani, moshi unayafanya mekundu. Watu wasiseme kitu.

Nawaombea kila siku.

Sista Klementina


Somanda, Bariadi
9 Juni 1996

Shangazi Sista,

Nashukuru kwa barua yako. Poleni na surua. Huku tumeanza kuchuma pamba, vidole vyangu vimechanika vyote. Dawa za kupulizia zilikuwa shida mwaka huu, ushirika haukopeshi tena, tulinunua mnadani kwenye chupa za soda na nyingine ilikuwa maji tu. Mama amekonda. Anachuma mistari miwili, wake na wa Milembe, hataki nimsaidie ule wa pili.

Nimeisoma barua yako mara nne na kila mara nimekasirika zaidi. Samahani kwa kusema hivyo. Hujawahi kuuliza? Hata kwa mtoto mmoja? Mimi siwezi kuamini, na kama ni kweli basi sijui unasali nini.

Halafu uliandika, "Watu wasiseme kitu." Wamesema, Shangazi. Aliyeanza ni baba.

Alhamisi moja alipanda baiskeli akasema anakwenda Nassa kumwona katekista mwenzake. Alirudi kesho yake ana chale mpya kifuani. Mama akamwambia, "Katekista wa wapi huyo anayebariki kwa wembe?" Baba akafunga vifungo vya shati. Siku ya tatu akatoa siri. Alikwenda kwa mganga. Mganga alipasua kuku, akasoma matumbo, akasema radi ilitumwa na mwanamke mzee wa ukoo wetu, mwenye macho mekundu, ambaye nyumba yake iko upande jua linakozama.

Wewe mwenyewe unajua nyumba ya Bibi iko wapi.

Tangu siku hiyo baba hamsalimii mama yake mzazi. Jumapili anaongoza ibada, anatuambia tumshukuru Mungu aliyemwokoa Justina. Jumatatu anapita mlangoni kwa Bibi ameangalia pembeni. Kwetu sasa shukrani ni za Mungu na lawama ni za Bibi. Nilijikaza nikamwambia, "Baba, kama ni Bibi aliyetuma, na Mungu aliweza kuikwepesha kwangu, mbona hakuikwepesha kwa Milembe?" Akasema, "Nilikupeleka sekondari uje kunihoji?" Sauti yangu yote ilikuwa imeishia pale.

Bibi mwenyewe nilimkuta anapuliza moto kwa kuni mbichi, machozi yanamtoka. Nilimwambia yale yanayosemwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, mtu mwenye radi anapuliza kuni?"

Baba ana sababu moja, na hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie. Anasema mganga huyu ni mtoto wa yule aliyesema kweli juu ya mdogo wenu Masalu. Anasema mwaka wa Azimio Masalu alikufa kwa kutapika siku moja, akiwa na miaka mitatu. Mganga akamtaja Salu, mke mdogo wa babu. Salu akafukuzwa, na baada yake hakufa mtoto mwingine pale nyumbani. "Ukweli ulionekana kwa macho," anasema. Wewe ulikuwepo, ulikuwa msichana kama mimi. Ni kweli?

Nasubiri.

Justina


Songea
7 Julai 1996

Mpendwa Justina,

Nimepokea barua yako. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Mwambie baba yako namsihi asifanye haraka, na amwone Padri Marcelo. Mambo ya zamani tuyaache, hayatasaidia mtu. Nakutumia rozari, ilibarikiwa na askofu.

Msalimie mama yangu. Mwambie sweta sitatuma.

Sista Klementina


Somanda, Bariadi
28 Julai 1996

Shangazi,

Rozari imefika. Mama ni mzima, baba ni mzima, pamba imeuzwa. Lori la tajiri mmoja lilikuja na mizani ambayo gunia la mtu mzima lilipungua likawa la mtoto. Watu walipiga kelele, mwishowe wakauza.

Bibi ametengwa.

Ilikuwa tarehe 17. Sungusungu waliitisha mkutano kwa filimbi, wanaume wote wakaenda na marungu yao. Mzee Mayige, mkuu wao, alisema radi iliyoua ndani ya kanisa si ya kawaida, na kwamba familia yenyewe imeshamjua mhusika. Akamgeukia baba. "Katekista, tumesikia vibaya?" Baba hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nilikuwa na wanawake nyuma ya ua, nilimwona. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu.

Huko Songea labda hawajui kutenga, lakini wewe umezaliwa hapa, unajua. Hakuna kumsalimia. Hakuna kumpa moto wala chumvi wala kumchotea maji. Akija kisimani wengine wanaondoka, na kamba ya kuchotea wanaondoka nayo. Anayevunja anatozwa ng'ombe. Hawampigi, hawamfukuzi, wanamwacha tu mpaka aondoke mwenyewe au afe mwenyewe. Ana miaka zaidi ya sabini, Shangazi. Anateka maji ya dimbwi wanaponywea ng'ombe. Mama "husahau" bakuli la viazi kwenye uzio kila jioni na asubuhi huenda kulitafuta. Ndiyo ushujaa wote tulio nao katika nyumba hii.

Juzi nilikutana naye njiani. Akasema, "Justina." Nilipita. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wasichana wa kwaya, nikapita kama vile nimepita kisiki.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuandikia kwamba nilikuwa mstari wa pili. Ni kweli, lakini haikuwa nafasi yangu. Mwalimu Kasmiri alinipanga mimi mbele, pale dirishani, kwa sababu ndiye niliyepewa kuanzisha wimbo. Kulikuwa na vijana wa kigango kingine wamesimama mlangoni wanatazama. Niliona aibu. Nilimnong'oneza Milembe, "Njoo usimame hapa, wananiangalia." Akacheka, akasema, "Watakuoa kwa macho?" Tukabadilishana. Hatukumaliza ubeti wa kwanza.

Unaona sasa kwa nini siwezi kushukuru? Hakuna mpango. Hakuna malaika aliyenisogeza. Nilijisogeza mwenyewe kwa sababu nina haya, na mtoto akafa kwa haya yangu, na Mungu akaangalia. Na kama kweli Yeye ndiye aliyepanga niwe na haya siku ile ili Milembe afe na mimi nipone, basi sitaki kuzungumza Naye tena.

Ninaogopa kusema. Nikisema, mama atajua. Nikinyamaza, Bibi atakufa kwenye dimbwi la ng'ombe. Misa ya shukrani ni Jumapili tarehe 8 Septemba. Baba ameniandikia ushuhuda kwenye karatasi nikariri.

Nilikuuliza juu ya Masalu, ukanitumia rozari. Huyu anayetengwa ni mama yako. Kama kuna kitu unakijua na hukisemi, basi wewe na baba ni mmoja, yeye anafuta viatu na wewe unabariki rozari.

Sitaomba radhi kwa barua hii.

Justina


Songea
16 Agosti 1996

Justina,

Barua hii anaileta dereva wa lori la dawa anayekwenda Mwanza, ataifikisha Bariadi kwa mkono ili isikae posta. Mimi ni mzima. Sitaandika zaidi ya hayo kuhusu huku.

Ulikuwa msimu wa kupulizia pamba. Mabwana shamba walituletea dawa, tukawa tunaichanganya kwenye kopo kubwa la bati. Kazi ya kuchanganya ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mchana ule Masalu alinifuata shambani akasema ana kiu. Maji yalikuwepo kwenye mtungi, lakini kata nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nikasuuza kopo. Nililisuuza mara mbili, Justina, hilo nalikumbuka kuliko kitu chochote katika maisha yangu. Nikampa. Akanywa yote, akasema, "Tena." Nikampa tena. Alikufa kabla ng'ombe hawajarudi.

Nilijua jioni ile ile. Mganga alipokuja na kumtaja Salu, nilikuwa nimesimama uani na wengine. Salu alinitazama mimi. Sijui kwa nini kati ya watu wote alinitazama mimi. Nikatazama miguu yangu. Mama yangu, huyo Bibi yako anayetengwa leo, alimtupia Salu vyombo vyake nje kwa mikono yake mwenyewe. Salu alikuwa na mimba. Baadaye tulisikia alifia njiani upande wa Lalago, peke yake.

Baba yako anasema baada ya Salu hakufa mtoto mwingine. Ni kweli. Hakufa kwa sababu lile kopo nililitumbukiza kwenye shimo lililochimbwa na mhanga na kulifukia.

Mwaka uliofuata nikasema nataka usista. Watu wote wakasema nina wito. Wewe unakasirika wanapokuambia Mungu amekuchagua. Mimi niliwaacha waseme.

Nimeungama zaidi ya mara moja. Mapadri wamenisamehe kwa jina la Mungu. Wanayo ruhusa hiyo. Lakini Salu hajawahi kuulizwa.

Ulishangaa kwamba sijawahi kumuuliza Mungu kwa nini huyu na si yule. Sikuuliza kwa sababu niliogopa Yeye ataniuliza mimi kwanza.

Na wewe sikiliza. Kubadilishana nafasi si kosa. Sisemi hivyo kukufariji, sina tena haki ya kumfariji mtu. Nasema kwa sababu kosa nalijua lilivyo. Hata kopo lilikuwa kosa la mtoto. Kunyamaza hakukuwa kwa mtoto, kwa maana kila mwaka nilizidi kukua na bado nikanyamaza.

Msomee baba yako barua hii, yeye peke yake. Mama yangu usimsomee.

Klementina


Somanda, Bariadi
10 Septemba 1996

Shangazi,

Tumeamka salama. Mama ana homa kidogo. Mvua bado, upepo unatupa vumbi mpaka kwenye ugali. Dereva wako alifika tarehe 24, mtu mwema, alikataa chai akanywa maji na kuondoka.

Nilimsomea baba siku hiyo hiyo. Alikuwa uani anashona magunia. Alidhani ni salamu, akaendelea kushona. Nilipofika kwenye kopo, sindano ikasimama. Nilisoma hadi mwisho. Akasema, "Rudia hapo pa kusuuza." Nikarudia. "Mara mbili?" "Ndiyo baba, mara mbili." Akaninyang'anya barua, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nilisubiri. Akasema, "Klementina alikuwa na miaka kumi na minne," kisha akaenda kwa ng'ombe. Basi. Wiki mbili hakusema neno, si juu ya Salu, si juu ya Bibi. Kutengwa kuliendelea. Dume lilichinjwa Jumamosi kama ilivyopangwa. Nilimchukia, Shangazi. Nakuambia ukweli.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Padri Marcelo alihubiri juu ya wema wa Mungu, na baba, akiwa na kanzu yake nyeupe ya katekista, akatangaza kwamba sasa binti aliyeokolewa atatoa ushuhuda. Ile karatasi nilikuwa nayo mkononi. Nilisimama pale pale dirishani, kwa sababu hakukuwa na nafasi pengine. Nikasema, "Naitwa Justina." Watu wakacheka, nani hanijui? Mtu mmoja nyuma akasema, "Tulidhani Askofu!" Wakacheka tena. Nadhani kicheko hicho ndicho kilinisaidia. Nilikasirika kiasi kwamba niliisahau haya yangu.

Nikasema, "Hapa niliposimama ndipo nilipopangwa siku ile. Milembe hakupangwa hapa. Mimi nilimwomba tubadilishane kwa sababu niliona aibu kuangaliwa. Nikimshukuru Mungu kwamba mimi ni mzima, ninamshukuru kwa kumwua mdogo wangu. Sitashukuru."

Padri akakohoa. Mzee Mayige akainuka. "Mtoto huyu amerukwa, mtoeni!" Mwanamke mmoja, Mama Apolonia muuza dagaa, akamjibu kutoka upande wa wanawake, "Si mlimwita aseme? Mwacheni aseme!"

Nikasema, "Kama lazima alaumiwe mtu, nilaumuni mimi niliyemweka Milembe dirishani. Mkiona kwamba mimi sina kosa, basi Bibi Nyanjige ana kosa gani? Yeye hata hakuwepo."

Sikumtaja Masalu wala wewe. Hayo si yangu.

Sikumtazama mama. Niliogopa. Nilitoka kabla ya baraka, nikaenda nyumbani nikachukua ndoo, nikaenda kisimani. Misa ilikuwa inatoka. Walinikuta njiani wote, nina ndoo kichwani, wakajipanga pembeni kama vile inapita maiti. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bibi nikasalimia kwa nguvu ili wasikie, "Mwadila, mayu!" Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Aliitazama ndoo, akanitazama. "Mwadila. Umechelewa. Kisima kimehamia Nassa?" Akanywa kata tatu bila kupumua. Nililia, na yeye akaniambia nisimwagie machozi maji yake, hajui atapata lini mengine.

Sungusungu walikuja kwetu mchana ule ule, sita, na Mayige mbele. Wageni wa shukrani walikuwa bado wanakula nyama. Mayige akasema, "Katekista, unajua sheria. Binti yako amemchotea maji. Ng'ombe mmoja." Baba alinawa mikono polepole. Akasema, "Mchukueni yule mwenye maziwa, ndiye bora. Na kesho mrudi kuchukua mwingine, kwa sababu kesho mchota maji ni mimi."

"Kristofa, unajua unachosema?"

"Yule mganga alidanganya, Mayige. Na baba yake alidanganya kabla yake. Usiniulize nimejuaje."

Waliondoka na ng'ombe. Jana asubuhi baba alifunga dumu kwenye baiskeli akamchotea mama yake maji mchana kweupe. Hakuingia ndani, na wala hawakuongea. Alilishusha dumu, akasimama, akaondoka. Sungusungu hawajarudi. Hatujui kama watarudi. Mama Apolonia jana jioni alimpelekea Bibi dagaa na hajatozwa kitu. Lakini kuna nyumba nyingi ambazo bado zinapita zimeangalia pembeni, na za wenzangu wa kwaya ni miongoni mwazo.

Mama hajanisemesha tangu Jumapili. Leo asubuhi tuliondoa mabua shambani, akafika kwenye mstari ule wa Milembe, akasimama. Kisha akanisogezea jembe lake. Nikang'oa ule mstari wote mimi mwenyewe, na yeye akakaa chini ananitazama.

Sijapoa, Shangazi. Nasali sasa, lakini si kama mlivyonifundisha. Ninamuuliza Mungu tu. Kwa nini Milembe? Ninamuuliza kwa sauti nikiwa peke yangu, na kila siku naishia na hasira ile ile niliyoanza nayo. Jana nilikuwa namuuliza nikifagia uani kwa Bibi, sikujua kwamba yuko nyuma ya mlango. Akasema, "Ongeza sauti. Mimi juu ya Masalu nilimpigia kelele mwaka mzima. Kwa nini mwanangu? Kwa nini mwanangu? Hajanijibu mpaka leo."

Nilisimama na ufagio mkononi.

Jibu la Masalu haliko kwa Mungu, Shangazi. Liko Songea. Omba ruhusa uje uliseme wewe mwenyewe, mama yako yungali hai.

Justina